Huna, Mwenzangu?

Kila Jumapili alasiri, kwa dakika kumi hivi, mkubwa wangu wa kazi alikuwa bubu. Mtu ambaye siku nyingine akikohoa tu makarani wanasimama, Jumapili anatandaza karata zake mezani, anafunga mdomo, na mimi, afisa mipango mdogo kuliko wote pale Boma la Tabora, namchezea. Napiga hii, naacha ile, yeye ananitazama tu. Raha niliyokuwa nikiipata hapo sitaki kuificha. Ilikuwa raha ya kishetani.

Mchezo wenyewe ni briji. Msininunie. Najua wapo watakaosema tulikuwa tukicheza mchezo wa wakoloni wakati wananchi wanahimizwa kushika jembe, na enzi zile walilisema hilo hadharani. Lakini klabu tuliirithi kutoka kwa wazungu wa reli, na meza na viti vyake na pakiti za karata kwenye kabati, sasa tungezitupa? Mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa akiujua mchezo ndiye aliyetufundisha, na alikataa katakata tuseme Kiingereza mezani. "Uhuru gani huu wa kucheza karata kwa lugha ya watu?" alikuwa akisema. Basi akautafsiri wote.

Mambo ni haya, na sitayarudia. Mko wanne, wawili wawili, na mwenzako anakaa mbele yako. Kila mmoja akishatoa karata moja, iliyo kubwa inakula, na hiyo tukaiita mlo. Anayekula ndiye anayeanza mlo unaofuata. Kabla ya kucheza mnanadi, na anayeshinda mnada anatoa ahadi: nitakula milo tisa, au kumi, kadiri ya ubishi wake. Mwenzake anatandaza karata zake zote wazi na kuanzia hapo ndiye bubu. Mwenye ahadi anacheza mikono yote miwili, wake na wa bubu. Bubu hana ruhusa ya kusema, kuguna wala kukunja uso, ingawa sheria ya uso mkubwa wangu ilimshinda.

Neno moja tu bubu anaruhusiwa. Briji inakulazimisha kufuata: ikianzishwa kopa, nawe unayo kopa, utoe kopa. Ukitoa kitu kingine umesema sina. Ukisema sina kumbe unayo, kwetu hiyo iliitwa wizi, hata kama ulisahau tu, na adhabu yake ilikuwa kali. Basi bubu akiona mwenzake hakufuata anaruhusiwa kumuuliza, "Huna, mwenzangu?" Akishauliza amemaliza. Mwenzake anatazama tena mkononi, na akiikuta anaitoa, hakuna wizi wala aibu.

Mimi liliniokoa mara moja hilo swali. Nilikuwa nimetupa uru kwenye pau, kichwa kiko mbali, na Mkubwa akauliza. Nikatazama, nikaiona pau mbili imejibana nyuma ya shupaza. "Ninayo, Mzee, samahani," nikasema, jasho likinitoka. Hakucheka, hakunisimanga. Alitikisa kichwa tu, mchezo ukaendelea.

Tulikuwa wanne hao hao kila wiki: mimi, Mkubwa, yule mwalimu, na Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Mtendeni, mtu wa maneno mengi na kumbukumbu ya kutisha, karata iliyopita yeye haisahau. Mkubwa alikuwa mtu wa Igunga, mrefu, mkavu, hanywi kitu zaidi ya soda na hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Moshi ulikuwa ukimtoa machozi. Sisi wavutaji, yaani mimi na mwenye duka, alitufukuzia dirishani.

Sasa niseme la Shangazi, maana bila yeye hizi zote ni porojo za karata.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Nyumba yake ilikuwa mbele ya Itetemia, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli ukipedali kiume, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu yake alichimba kisima pale, wapagazi waliokuwa wakishuka pwani na mizigo wakanywa maji yake, na mpaka nakua kisima kilikuwa hakijakauka hata Oktoba. Maji matamu, baridi. Nyumba kumi na moja zilikunywa hapo, zote za ndugu na majirani wa siku nyingi. Mimi nilitumwa maji pale tangu sijaweza kubeba ndoo nzima.

Ikaja operesheni ya vijiji. Sitaki kuihutubia hapa, wenye kuihutubia wapo. Mimi nilikuwa ndani yake, nalipwa mshahara kwa ajili yake, na sehemu kubwa ya maneno yake niliyaamini: shule karibu, zahanati karibu, watu wasiishi wametawanyika porini. Kijiji kipya cha upande ule kilipangwa kwenye uwanda wa chini, kwenye mbuga ya udongo mweusi. Mpaka wake Mkubwa aliuchora mwenyewe kwa rula, na mimi nilikuwa nimemshikia karatasi isisogee. Niliiona penseli ikipita nusu maili tu kutoka kisima cha Shangazi, na kisima kikabaki nje. Mkono wangu uko pale pale juu ya karatasi. Nikanyamaza.

Kwa nini? Kwa sababu wiki mbili kabla afisa mmoja wa kilimo alikuwa amemwaga unga kwa kupendelea ndugu zake kwenye viwanja. Alihamishwa, akavuliwa cheo, akawa mfano wa kila kikao. Nilijiona mimi ndiye wa pili. Nilikuwa na mke, nilikuwa na nyumba ya serikali yenye bomba ndani, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kujiona mtu.

Shangazi aliposikia, akaja mjini kwa miguu. Alikaa kwenye kochi langu, kwenye ukingo kabisa, utadhani kochi litamvunjikia. Hakulia wala hakulaumu.

"Mwambie tu huyo bwana wako," akaniambia. "Mwambie kisima kipo. Labda hajui."

"Shangazi, mambo haya ni ya serikali."

"Ndiyo, serikali si watu? Mwambie. Sisi hatukatai kijiji. Asogeze tu kile kimstari chake, tukae huku kwenye maji. Huko chini maji ni ya chumvi, baba. Ng'ombe wenyewe wanayatazama kwanza."

Nikamwahidi. Ahadi ile haikuhitaji mnada.

Nikachora kijiramani kidogo kwenye karatasi nyembamba ya kunakilia: kisima, nyumba kumi na moja, na mstari mpya. Kazi ya dakika tano. Ramani kubwa ilikuwa itiwe sahihi Jumatatu asubuhi, halafu ipelekwe wilayani, na ikishatoka hairudi. Jumatano haikufaa, Mkubwa alikuwa na wageni. Ijumaa alikuwa na hasira. Nikasema moyoni, Jumapili klabuni. Akiwa amefurahi atanisikiliza, na nitalisema kama neno la kupita tu. Nikakunja karatasi nikaitia mfuko wa shati.

Jumapili ile, tofauti na siku nyingine, tulichagua wenzi kwa kukata karata, nami nikaangukia kwa Mkubwa vilevile. Nikaona Mungu yuko upande wa Shangazi. Lakini alasiri nzima tulipigwa, we acha! Mwalimu na mwenye duka walituonea mpaka Mkubwa akaacha kuzungumza. Misuli ya shavu lake ilikuwa inacheza. Kila nikigusa mfuko wa shati, karatasi inalia kakaka, nami naondoa mkono.

Ukaja mkono wa mwisho. Mkubwa akanadi uru, mimi nikapandisha, wao wakanyamaza, na nikajikuta nimeahidi milo tisa bila turufu. Bila turufu maana yake hakuna rangi ya kukuokoa, karata kubwa tu na akili yako. Mwalimu akafungua na malkia wa kopa. Mkubwa akatandaza karata zake, akafunga mdomo, akaegemea kiti.

Hapa ndipo wachezaji wabovu wanapojulikana. Mtu mbovu akiona karata ya kula anakula palepale. Mwalimu alikuwa ametufundisha, tena kwa kutupiga kofi la mkono: karata ya kwanza ikianguka, usiguse kitu. Weka mikono chini. Hesabu.

Nikaweka mikono chini. Shupaza, nina ree, ile kubwa kuliko zote, na mfalme: milo miwili. Pau, nina ree: mmoja. Kopa, ree ninayo mimi, mfalme anaye bubu: miwili. Hiyo ni mitano. Nimeahidi tisa. Minne inatoka wapi? Inatoka kwa bubu, kwenye uru zake tano zilizojipanga kwa mstari: mfalme, malkia, ghulamu, ile kumi na ile tisa. Ni ree ya uru tu iliyokuwa kwa adui. Akishaitoa hiyo, zilizobaki zote ni chakula changu.

Lakini ngoja. Zilikuwa ng'ambo. Uru za bubu zinakula ikiwa bubu ndiye anayeanza, na adui akishakula na ree yake, bubu ataanzaje tena? Nikatafuta njia ya kurudi kule. Nikaitafuta shupaza, hakuna. Pau, hakuna. Ilikuwepo moja tu, mfalme wa kopa. Na huyo mfalme ndiye aliyekuwa amenikodolea macho pale mezani, akitaka nimtumie sasa hivi kumla malkia wa mwalimu. Ningemtumia, uru zile zingebaki kule ng'ambo, kubwa, nzuri, wazi kwa kila mtu, na hakuna wa kuzifikia.

Basi nikatoa kopa ndogo kwa bubu, na mkononi mwangu nikatoa ree. Mkubwa akashtuka. Alikunja uso, alitaka kusema, akakumbuka kuwa ni bubu. Alidhani nimeharibu.

Nikaanzisha uru. Mwenye duka, mjanja yule, ree yake akaikalia. Bubu akala. Nikaanzisha ya pili, akaikalia tena. Bubu akala. Nikaanzisha ya tatu kutoka kwa bubu, ghulamu, na mimi mkononi uru zilikuwa zimeniishia, nikatupa pau.

"Huna, mwenzangu?" Mkubwa akauliza.

Nikatazama mkononi kwa adabu, ingawa nilijua. "Sina, Mzee."

Mwenye duka hakuwa na la kungoja zaidi, akala na ree yake, akarudisha kopa. Nami nikacheka kwa sauti, maana mfalme wa kopa alikuwa bado amekaa pale pale nilipomweka. Akala. Uru mbili zilizobaki zikala. Shupaza mbili, pau moja. Tisa.

Jamani, Mkubwa alifurahi. Alisimama, alipiga meza, alinishika shingo kama mwanawe. "Mmeona?" aliwaambia wale wawili. "Mmeona mtu wa mipango huyu? Kala na ree, kamhifadhi mfalme! Mimi nilidhani kachanganyikiwa!" Akaniagizia soda na yeye soda. Akaueleza mkono mzima tena tangu mwanzo, mwalimu akiitikia, mwenye duka akiapa kwamba yeye aliona tangu mlo wa kwanza. Uongo mtupu.

Halafu Mkubwa akakaa, akanigeukia, akanena kwa sauti kubwa, kwa mzaha lakini si mzaha: "Haya, bwana mipango. Leo omba lolote. Lolote! Sitakunyima."

Mnasikia? Sikulazimika hata kutafuta pa kuanzia. Mlango aliufungua yeye mwenyewe, akasimama pembeni nipite.

Nikapeleka mkono mfukoni. Karatasi ikalia. Mwenye duka akadakia, "Ataomba uhamisho Dar es Salaam, huyu!" Wakacheka. Mwalimu akasema, "Ataomba kiti chako, Mzee!" Wakazidi kucheka. Nyuso tatu zinanitazama, zinangoja neno la kuchekesha, na mimi ndiye shujaa wa alasiri ile, na ningetoa kijikaratasi cha kisima cha shangazi yangu, furaha yote ile ingemwagika sakafuni. Nilijiona nikisema "Mzee, nina ndugu zangu fulani," na lile neno ndugu likageuka pilipili mdomoni.

Nikasema, "Naomba mkono mwingine tu, Mzee."

Waliangua kicheko mpaka mwenye duka akapaliwa. Jibu zuri lile! Nilisifiwa nalo wiki nzima. Tukagawa karata tena, na huo mkono mwingine siukumbuki hata karata moja.

Nilijipa moyo: Jumatatu mapema nitamwahi ofisini. Jumatatu nilifika saa moja na robo, nikakuta Mkubwa alishatia sahihi alfajiri na ameondoka na Land Rover kwenda Sikonge kwa siku nne. Ramani ilikuwa kwenye bahasha, bahasha iko kwa tarishi, tarishi yuko kwenye baiskeli. Ningeweza kumkimbilia. Nimelifikiria sana hilo. Nilikuwa na miguu.

Alhamisi nikaenda kwa Shangazi. Alikuwa amepika ugali na nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, ameyaunga kwa karanga vile ninavyopenda. Aliningoja nile kwanza. Binti yake mkubwa, binamu yangu tuliyekua pamoja, alikuwa akipepeta mtama pale karibu, na ungo wake ukasimama Shangazi alipouliza.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Amekataa."

Ndivyo nilivyosema. Sikupanga. Mimi mtu wa kuweka mikono chini na kuhesabu, hapo sikuhesabu chochote, nilipiga karata ya kwanza iliyonijia.

Shangazi alinishika goti. "Basi, baba. Umejitahidi. Si kosa lako." Akaniongezea mboga. Nikaila yote, sijui ilipitaje.

Walihamishwa kabla ya mvua. Sikwenda, nilijipangia safari ya Urambo wiki ile. Mapaa yaliezuliwa ili watu wasirudi, na mahindi yaliyokuwa ghalani yalisombwa kwa lori, nusu yakamwagika njiani. Kule chini kwenye mbuga, masika yakikolea udongo mweusi unashika mguu hadi gotini, na kiangazi kisima walichochimbiwa kilitoa maji yenye chumvi. Binamu yangu akawa anakwenda na ndoo hadi kisima cha zamani, nusu maili kwenda, nusu maili kurudi, kwenye eneo ambalo sasa lilikuwa pori na si ruhusa. Mara mbili alikamatwa na mgambo, na ndoo yake ikatobolewa. Shangazi mwenyewe magoti yalikuwa yameshaanza kumsumbua, hakuweza kwenda tena. Alikuwa akiletewa kikombe kimoja cha maji yale jioni, anakinywa taratibu. Yaliyobaki alikunywa ya chumvi kama wengine.

Nilikuwa nikienda kumtembelea na sukari, na sabuni, na blanketi. Kila nikienda alikuwa akisema maneno yale yale kwa wageni: "Huyu mwanangu alitupigania. Bwana wake ndiye mwenye roho mbaya." Jina la Mkubwa hakulitamka kamwe. Alimwita yule mwenye rula, kwa sababu niliwahi kumsimulia habari ya rula. Watoto wa pale walikua wakijua kwamba kuna mtu Boma anaitwa mwenye rula, na ndiye aliyewanyima maji.

Na Mkubwa? Aliendelea kuwa bubu wangu Jumapili. Alinipandisha cheo. Mke wangu alipojifungua alituletea mbuzi. Mwenye duka akahamia Kanada na kumbukumbu yake, mwalimu akapelekwa Songea, karata zikarudi kabatini. Mkubwa akastaafu, akarudi kwao Igunga kulima mpunga na kuchunga ng'ombe wake. Alipokuwa akiaga ofisini alinishika mkono muda mrefu akasema hajapata mwenzi mezani kama mimi. Nilitamani aniachie.

Shangazi alifariki miaka kadhaa baadaye, kule kule mbugani. Tulitangaza redioni, kama ilivyo kawaida, na jina langu likatajwa miongoni mwa wafiwa. Siku ya pili ya matanga, mchana, nimekaa kwenye mkeka na wanaume, nikaona mzee mrefu anashuka kwenye lori la mpunga kule barabarani. Kofia mkononi, fimbo mkononi, anachechemea kuja. Nilimjua kabla sijaona uso wake. Alikuwa amesikia jina langu redioni, akapanda lori alfajiri kutoka Igunga kuja kunipa pole.

Niliinuka. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwenzangu. Pole sana. Pole." Alikuwa na machozi, mtu yule mkavu. Akakaa mkekani karibu yangu. Majirani wakamuuliza anatoka wapi, nani, naye kwa unyoofu wake akawaambia: alikuwa mkubwa wangu Boma, kwenye mipango, miaka ile.

Maneno yakatambaa. Niliyaona yakitoka mkekani, yakipita kwa vijana wa kuni, yakifika jikoni kwa wanawake. Nilitaka kusimama nimwambie twende kule, Mzee, nikuonyeshe kaburi, lolote la kumtoa pale. Sikuwahi. Binamu yangu alitoka jikoni, kanga ameifunga kiunoni, mikono ina unga. Akasimama mbele yake. Hakumwamkia.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Mama yangu alikuomba kisima tu. Kisima cha babu yake. Mwanaye huyu hapa akakuletea maombi, na wewe ukakataa. Mama amekufa anatamani yale maji. Umekuja kula ubwabwa wetu?"

Kuni tu zinapasuka. Katekista aliyekuja kuongoza sala alianza kusema, "Mama, mama, msiba huu," akaachia hapo.

Mkubwa alimtazama binamu yangu kwa mshangao wa kweli. Alifungua mdomo. Kisha nikaona anaanza kukumbuka. Niliujua uso wake, sheria ya uso haikumweza hata uzeeni. Kisima. Maombi. Jumapili ile. Omba lolote. Naomba mkono mwingine tu. Akageuza shingo polepole, akanitazama mimi.

Angeweza kusema. Neno moja, "Sikuombwa," na ni kweli tupu, na watu wote wale wangenigeukia. Alikuwa na haki. Nililingoja kwa macho ya chini.

"Huna, mwenzangu?" akauliza.

Watu walitazamana, hawakuelewa. Mimi nilielewa. Sauti ilikuwa ile ile ya klabuni, ya upole, ya kumpa mtu nafasi atazame tena mkononi. Alikuwa ananiuliza kama nina karata, na akinipa muda niitoe mwenyewe, kusiwe na wizi. Ninayo, Mzee, samahani. Maneno matatu. Nilishawahi kuyasema.

"Sina," nikasema.

Aliendelea kunitazama kidogo. Kisha akatikisa kichwa, vile vile kama zamani. Akajiinua kwa fimbo yake, ikamchukua muda, hakuna aliyemsaidia, na mimi sikumsaidia. Akamwambia binamu yangu, "Nisamehe, mama. Poleni sana na msiba." Akavaa kofia yake, akaenda zake barabarani kungoja gari, kwenye jua, bila hata kikombe cha maji.

Sikumsindikiza. Mgeni aliyetoka mbali vile, mzee, sikumsindikiza.

Binamu yangu alikuwa bado amesimama pale, anatweta. Hasira zilikuwa zimemtoka, amebaki na uchovu. "Alikuwa anakuuliza huna nini?" akaniuliza.

"Kiberiti," nikasema.

Akanitazama, akamtazama yule mzee kule barabarani. Kisha, kwa vile alilelewa na mama yake, na mgeni ni mgeni hata ukimchukia, akaingia jikoni, akatoka na kiberiti, akamkimbilia. Nilimwona anamfikia, anakinyoosha. Nilimwona Mkubwa, ambaye hajavuta sigara hata moja maishani mwake, anakitazama kile kiberiti, anainua macho kutazama upande wangu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakitia mfukoni, akamshukuru.